Shingo ya Kuku wa Osborn

Mama mkwe wangu, Felistus, hakuwa mtu wa kupenda wanyama. Mbwa alimpiga teke, paka alimfukuza kwa ufagio, na mbuzi wa jirani aliyethubutu kuingia kwenye mihogo yake alirudi kwao akichechemea. Ndiyo maana watu wa Lunyo walicheka sana mwaka ule wa sitini na saba walipomwona akitembea na kikapu kifuani, na ndani ya kikapu tembe mmoja, kuku ambaye hajataga hata yai moja, shingo imepinda mpaka jicho linatazama mawingu. Alikuwa akimsemesha njia nzima.

Mimi sikucheka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshika hiyo shingo.

Lazima kwanza nieleze kuhusu kuku hao, maana hawakuwa kuku wa nyumba. Walikuwa kuku wa Osborn, mume wangu. Siku Osborn alipozaliwa, bibi yake alivuka mto Sio na kuku jike mwekundu kwapani, akamweka mlangoni akasema, "Huyu ni wa mtoto." Tangu siku hiyo kila kifaranga cha kuku yule, na vifaranga vya vifaranga vyake, vilikuwa mali ya Osborn. Jogoo wake mmoja ndiye aliyemnunulia kaptula ya shule. Felistus hakuuza hata mmoja bila kumuuliza mwanawe, hata alipokuwa mtoto wa miaka saba.

Osborn aliondoka mwaka wa sitini na moja, miezi mitano tu baada ya harusi yetu, kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya huko magharibi, upande wa milima. Sanduku lake la mbao lilikuwa limevunjika kufuli. Nikafungua mshipi wa gomesi, gauni langu la harusi, mshipi wa buluu, nikalifunga sanduku kwa mafundo mawili. Akacheka akasema, "Nitaurudisha mwenyewe." Tangu hapo gomesi yangu niliifunga kwa kitambaa nilichochana kwenye foronya. Barua zilikuja, na baadhi zilikuwa ndefu. Baada ya Krismasi ya mwaka wa sitini na nne hazikuja tena.

Mtoto ambaye Osborn aliniachia tumboni alizaliwa, akakaa wiki tatu, akafa. Kwa hiyo tulibaki wanawake wawili katika boma lile, na kuku.

Kulikuwa na Cornelius, mdogo wake marehemu baba mkwe. Kwetu mtu akipotea miaka mingi na mwili wake haujulikani ulipo, ukoo hukata mgomba, ukaufunika blanketi, ukaulilia, ukauzika kaburini badala yake. Baada ya hapo mambo yanaendelea. Shamba linapata mwenyewe, na mwanamke anajulikana kuwa mjane. Cornelius hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu wetu ulikuwa umemkwama kooni. Kila baada ya mavuno alikuja kuketi kibarazani na kuuliza, "Shemeji, lini?" Na kila mara Felistus alimwonyesha uwanja kwa kidevu.

"Kuku wa mwanangu si hao wanataga? Mtu aliyekufa, kuku wake hawatagi."

Cornelius alikunywa uji wake akaenda zake.

Nitasema ukweli, maana wote niliokuwa nikiwaogopa wamekwisha kufa. Mimi nilitaka mgomba ule uzikwe. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Si mke, si mjane. Kwetu hawakuweza kunipokea kwa sababu nilikuwa mke wa mtu, na yule mtu hakuwapo. Nilimpenda Osborn, lakini kumpenda mtu aliyenyamaza ni kazi, na mimi nilikuwa nimechoka.

Ndipo Januari ile ya sitini na saba ikaja na kideri, ule ugonjwa wa kuku. Kila kiangazi kideri hupita na kuchukua wawili, watatu, lakini mwaka ule kilipita kama mtu mwenye deni letu. Asubuhi unamkuta kuku amesimama kwenye kona, mabawa yameshuka, anatoa sauti kama anayekohoa, kinyesi kijani. Jioni unamzika. Kijiji kizima mabanda yalibaki matupu. Kwetu walikufa kumi na wanne kwa siku tisa, mitetea, majogoo, wote. Felistus aliwachimbia mwenyewe, akanikataza kumsaidia.

Akabaki mmoja, tembe mwekundu wa rangi ileile ya kuku wa bibi. Tukadhani amepona. Baada ya wiki mbili shingo ikaanza kugeuka. Kwanza ilikwenda upande, kama mtu anayesikiliza jambo kwa jirani, kisha ikageuka zaidi, mpaka utosi ukatazama chini na mdomo ukatazama juu. Akijaribu kwenda mbele alikwenda nyuma. Alizunguka mahali pamoja mpaka akaanguka. Akiona punje ya mahindi aliidonoa, mdomo ukapiga udongo pembeni, akadonoa tena, akakosa tena. Nilishindwa kumtazama.

Cornelius alikuja siku ya tatu. Alimtazama kuku kwa muda mrefu, akavua kofia.

"Shemeji, la kuvunda halina ubani. Mchinje huyu apumzike."

"Anapumua."

"Basi akifa?"

Felistus akasema, mbele yangu, "Akifa, kata mgomba wako."

Cornelius akatoka, akapita nyuma ya nyumba, akachagua mgomba mmoja ulionyooka, akaupiga alama kwa panga. Utomvu ulitoka siku nzima. Kutoka siku hiyo tulipita mbele ya alama ile kila tulipokwenda kutupa majivu.

Hivyo ndivyo uuguzi ulivyoanza. Alfajiri Felistus aliteleka uji wa wimbi mwembamba, akaupoza kwenye bakuli, kisha akaita, "Norah, nishikie." Nilikaa kwenye kigoda, kuku katikati ya magoti, mkono wa kushoto ukimkumbatia mabawa. Kwa mkono wa kulia nilimnyoosha shingo polepole, kidole baada ya kidole, maana ukiharakisha alitapatapa. Shingo ikinyooka, macho yake yalitulia, na hapo alifungua mdomo mwenyewe. Felistus alimdondoshea uji kwa ncha ya kijiko. Ukiachia, shingo ilirudi ilikokuwa. Mara tatu kwa siku. Palizi ilitushinda, mtama wa mwaka ule ulimezwa na magugu, na mimi nilikuwa nimeshika shingo ya kuku.

Kila mtu alikuwa na dawa. Busia sokoni kulikuwa na mwanamke aliyeuza bizari na karafuu, Hajarah, mtu mzuri lakini hajui kunyamaza. Alimfunua kuku kikapuni akapiga makofi.

"Wewe mama, hii shingo nageuka hivi sababu ya upepo. Chukua kitunguu saumu, changanya na samuli, paka yeye hapa nyuma. Siku tatu tu. Kuku ya shangazi yangu napona kabisa."

Tukapaka. Kwa wiki nzima nyumba ilinuka pilau na hakukuwa na pilau. Tulimfunga shingo kwa kamba laini ya mgomba ili ikae wima, akakaribia kunyongwa, tukamfungua. Tulimtia shimoni hadi mabega, udongo umemzunguka, kwa ushauri wa mzee mmoja aliyedai kuwa ardhi hunyoosha mifupa. Ardhi haikunyoosha kitu.

Mwezi wa Machi tukampeleka Tororo, kwa basi, kwa bwana mifugo. Naona aibu mpaka leo nikikumbuka ile safari. Watu wamebeba ndizi, wamebeba wagonjwa wao, sisi tumebeba tembe aliyekuwa akitazama paa la basi. Tulishuka chini ya jabali la mji ule, vumbi la kiwanda cha saruji limetupaka nywele mvi wote wawili, tukasubiri mpaka mchana. Bwana mifugo alikuwa kijana mpole. Alimshika kuku vizuri, akamgeuza, akamrudisha kikapuni.

"Mama, hii ugonjwa yenyewe imekwisha. Lakini imeharibu mishipa ya ndani. Dawa yake hakuna."

"Atakufa?"

"Akilishwa, anaweza kuishi. Shingo ndiyo haiwezi kurudi."

Mimi nilisikia kwamba shingo haitarudi. Felistus alisikia kwamba anaweza kuishi. Tulirudi katika basi moja, kila mtu na habari yake.

Kuna asubuhi moja Felistus alitoka kuchukua maji, nikabaki peke yangu na kuku magotini. Kidole gumba changu kilikuwa kwenye koo lake, nikihisi uji unavyoshuka. Ingetosha kugeuza kidogo tu, upande ambao shingo yenyewe ilitaka kwenda. Ningesema, amefia mikononi mwangu, na ingekuwa kweli. Cornelius angekata mgomba wiki ileile. Sikugeuza. Msidhani ni wema, niliogopa tu kwamba Felistus angerudi kabla sijatunga uso wa kumwonyesha.

Mvua zikaja. Kuku akajifunza kula mwenyewe kutoka kwenye kikombe chenye kina, kwa kuingiza kichwa chote na kukisugua ukutani mwa kikombe. Manyoya yakang'aa. Shingo ilibaki ileile, lakini kifua kilijaa, na Felistus akaanza kuimba nyimbo za kanisani alfajiri. "Umeona, Norah?" aliniambia. "Umeona mwanangu alivyo mbishi?" Sikujua kama anasema kuku au mtu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mbele ya mgomba wenye alama. Alama yenyewe ilikuwa imekauka na kuwa nyeusi.

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, karibu na saa sita mchana, mtu akapiga hodi. Alikuwa mwanaume mwembamba, koti limemzidi, viatu vimejaa tope jekundu la njia ya mtoni. Lugha yetu, Kilusamia, hakuijua, akazungumza Kiswahili cha kazini.

"Mimi naitwa Bartholomew. Kwetu Nagongera. Mimi nafanya kazi pamoja na Osborn kule mgodini."

Hakumaliza. Felistus alipiga vigelegele ambavyo nadhani Busia walivisikia. Alimshika mikono miwili, akamketisha kwenye kiti cha marehemu mume wake ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia.

"Mama, ngoja kwanza niseme..."

"Hapana! Kwa nyumba yangu mgeni nakula kwanza. Habari si itangoja? Mimi nangoja miaka sita. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo mimi napona."

Na hivyo ndivyo ilivyo kwetu. Mgeni aliyetoka mbali haulizwi jambo kabla hajanawa mikono, na mgeni anayejiheshimu hamwagi maneno kwenye nyumba ambayo bado hajala chakula chake. Bartholomew alifunga mdomo. Alikuwa Mjapadhola, si wa kabila letu, lakini adabu hiyo tunaijua pande zote.

Mgeni wa namna hiyo hapewi mboga, anapewa kuku. Tena kuku wetu, sisi wanawake tuliowafuga, tulikuwa haturuhusiwi kuwala. Walikuwa wa wanaume na wageni, firigisi ikiwa ya yule anayeheshimiwa zaidi. Na kijiji kizima baada ya kideri hakikuwa na kuku wa kuazima.

"Mama, tuna dagaa," nilisema.

"Dagaa? Kwa rafiki wa mwanangu?" Alikwisha kuinuka kukiendea kikapu. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo. "Kuku huyu alikuwa anangojea habari tu, Norah. Habari imefika, kazi yake imekwisha. Osborn mwenyewe angemchinja. Nenda kalete kuni."

Nikaenda nyuma ya ghala kuchukua kuni. Huko nikakuta baiskeli ya mgeni imeegemezwa, na kwenye kibebeo kitu kimefunikwa gunia. Huingii kwa watu na kitu cha namna ile kabla hujasema, ndiyo maana alikiacha huko. Gunia lilikuwa limeteleza pembeni. Niliona mbao. Niliona kitambaa cha buluu kilichofifia hadi karibu kuwa cheupe, na mafundo mawili. Yalikuwa mafundo yangu. Yalikuwa yamefungwa vilevile nilivyoyafunga.

Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huzuni. Nilihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Huzuni ilikuja ya pili, na ilipokuja ilinikalisha chini juu ya kuni.

Niliporudi Felistus alikuwa ananoa kisu kwenye jiwe, kuku ametulia mapajani mwake, anaimba. Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa matatu tu: sanduku liko nje. Niliwaza, mwache apate saa moja ya furaha, amesubiri miaka. Niliwaza pia kwamba kuku akiishi, Felistus atasema sanduku limetoka kwa mwizi, mwanangu yuko, na mgomba hautakatwa kamwe. Mawazo hayo mawili yalikuja pamoja, na mpaka leo sijui ni lipi lililonifunga mdomo.

Bartholomew alitoka nje, akaona kisu, akaona shingo ya kuku.

"Mama, hii kuku iko mgonjwa. Wacha tu. Mimi nakula mboga."

"Alikuwa mgonjwa. Sasa napona. Tazama kifua!"

Yule mtu akanitazama. Nadhani alikuwa ananiomba nimsaidie. Nikatazama karai.

"Norah," Felistus akasema, "nishikie."

Nikakaa kwenye kigoda changu. Nikamshika mabawa kwa mkono wa kushoto. Kuku wa shingo iliyopinda huwezi kumchinja vizuri bila kumnyoosha, kwa hiyo nikamnyoosha, polepole, kidole baada ya kidole, kama kila siku. Shingo ikanyooka, macho yakatulia. Akafungua mdomo, anangojea uji.

Alipikwa vizuri. Felistus alimwekea mgeni firigisi juu ya ugali, akasimama kando yake akiwa amekunja mikono. "Kula kwa niaba ya mwenzako," alisema. Bartholomew aliitia mdomoni, akaitafuna, akaitafuna. Haikushuka. Machozi yakaanza kumtiririka huku anatafuna, na ndipo Felistus alipoacha kutabasamu.

Akasema yote akitazama sahani. Homa, siku tatu tu. Walimzika kulekule, wenzake walichanga sanda. Karani aliandika barua kuwajulisha ndugu, lakini yeye alijua Busia moja tu, si hii yetu ya Uganda, akaandika Busia, Kenya, na barua ikarudi baada ya miezi mingi haina mwenyewe. Bartholomew aliahidi kwamba siku atakapopata likizo ndefu angeleta sanduku mwenyewe. Wiki ile alikuwa ameanzia Busia ya ng'ambo, siku nne akiuliza mlango kwa mlango.

"Lini?" Felistus aliuliza.

"Pasaka, mama. Ile ya mwaka sitini na tano."

Nilihesabu bila kutaka. Kideri kilipokuja, Osborn alikuwa kaburini karibu miaka miwili. Siku alipozikwa, tembe yule alikuwa hajaanguliwa, hata yai lake lilikuwa halijatagwa.

Felistus alitikisa kichwa. "Hapana," alisema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Asubuhi alikuwa hai."

Bartholomew akaenda kuleta sanduku, akaliweka katikati ya nyumba. Felistus alipiga magoti, akaushika mshipi, akayapapasa yale mafundo mawili kwa muda mrefu. Halafu akageuka kwangu. Macho yake yalikuwa makavu.

"Ulikwenda kuchukua kuni nyuma ya ghala."

"Ndiyo, mama."

"Hukuliona?"

"Sikuliona."

Aliendelea kunitazama kidogo, kisha akarudisha macho kwenye mafundo. Jumatatu Cornelius alikuja na panga, akaukata mgomba wake wenye alama. Tuliufunika blanketi, juu yake tukaweka shati lililotoka sandukuni. Watu walilia vizuri, na mimi nililia kuliko wote. Felistus alikaa karibu na shimo bila kutoa sauti. Nikawa mjane, nikaweza kwenda kwetu, na ndugu zangu wakaja mara mbili kunichukua. Sikwenda. Nilikaa naye miaka minne mpaka nilipomzika, na Lunyo nzima ilinisifu, mkwe kama Norah hakuna.

Hakunigombeza hata siku moja. Tulilima pamoja, tulikula chungu kimoja. Lakini hata alipopofuka na kuwa anapapasa ukuta kutafuta mlango, hata siku za mwisho, bakuli likimtetemeka mkononi na uji ukimwagika kifuani, alilishika mwenyewe kwa mikono yote miwili. Hakuniambia tena nimshikie kitu.